Mbavu zikiuma: namna ya kujichunguza, na wakati wa kwenda hospitali

Msimu wa viazi ukianza huku milima ya Uporoto, Mbeya, zahanati yetu hupokea vijana walioshika ubavu. Wamepakia lumbesa kwenye Fuso tangu alfajiri, gunia moja kilo mia na zaidi, na kesho yake hata kujigeuza kitandani ni kazi. Baridi ya Juni na Julai nayo inaleta kikohozi, kwa hiyo akina mama na wazee wanakuja na malalamiko yale yale: "Daktari, nina kichomi." Mimi ni tabibu, na swali langu la kwanza kwa wote ni moja. Panauma ukifanya nini?

Anza na kidole. Kaa wima, kipitishe polepole juu ya mbavu, kutoka mfupa wa katikati ya kifua hadi mgongoni. Ukibonyeza mahali ukaruka, na maumivu ni yale yale yanayokusumbua, mara nyingi shida iko kwenye msuli, mfupa au gegedu, yaani ule mfupa laini. Kukohoa mfululizo kwa siku kadhaa kunatosha kuchosha misuli ya katikati ya mbavu. Gegedu linalounganisha ubavu na mfupa wa kifua nalo huvimba, na kwa sababu upande wa kushoto ni jirani na moyo, watu hushikwa na hofu kubwa. Kwa kawaida hupoa taratibu, ingawa linaweza kuchukua wiki kadhaa. Ila kidole peke yake hakitoshi kwa mtu mzima mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara. Huyo apimwe moyo hata kama anaumia akibonyezwa.

Kama umeanguka na bodaboda au ng'ombe amekupiga teke, inawezekana ubavu umepasuka. Bibi mwenye mifupa dhaifu anaweza kuvunjika ubavu kwa kukohoa tu. Ufa mdogo wakati mwingine hauonekani kwenye eksirei, na ubavu haufungwi plasta. Wengi hupona wenyewe kwa wiki sita hivi. Kinachoua ni kuogopa kuvuta pumzi. Naona watu wamejifunga khanga kifuani, imekazwa kabisa, wakiamini wanaushika mfupa. Ifungue, nakuomba. Pafu lisipojaa hewa makohozi hutuama chini, na hapo nimonia inapata nafasi. Badala yake kumbatia mto mahali panapouma, vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa ukiwa macho, kisha kohoa huku umeubana mto. Panauma, ndiyo. Ndiyo maana nakupa dawa: mtu mzima anameza parasetamo mbili za miligramu 500 kila baada ya saa sita, zisizidi nane kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa kila siku aulize kwanza. Diklofenaki inauzwa kila duka la dawa kuanzia Uyole hadi Mwanjelwa, lakini mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asiiguse bila kuandikiwa.

Ukiumia ukivuta pumzi, una homa na unakohoa, fikiria nimonia na utando wa mapafu uliovimba. Njoo siku hiyo hiyo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku na kukonda ni dalili za kifua kikuu, na kupima makohozi na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Chale hazitibu hata kimoja kati ya hivyo, na siku zinazopotea kwa mganga ndizo ninazozililia zaidi.

Ngozi ikiwaka upande mmoja bila sababu, itazame kila siku. Malengelenge yakijipanga kufuata ubavu, huo ni mkanda wa jeshi. Dawa yake hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, na hapo tunakushauri upime VVU pia. Maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta yanaweza kuwa mawe kwenye nyongo. Yanayotoka kiunoni kushuka kwenye kinena, na mkojo unaowasha au wenye damu, huenda shida iko kwenye figo.

Yapo ambayo hayataki zahanati ya kijiji, unatafuta gari moja kwa moja. Kukosa pumzi. Kukohoa damu. Kifua kinachobanwa huku maumivu yanapanda taya au mkono, na jasho la baridi. Pumzi iliyokata ghafla kwa mama aliyejifungua karibuni au mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, hasa mguu mmoja ukiwa umevimba, maana huenda ni bonge la damu limefika mapafuni. Mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu ya mbavu na homa. Pia aliyepigwa upande wa kushoto chini, akaanza kupauka na kuona kizunguzungu: wengu (bandama) linaweza kuvuja damu saa nyingi au hata siku kadhaa baada ya pigo. Mkalishe wima kama anapata shida ya kupumua, lakini anayezimia mlaze. Usimpandishe bodaboda kwenye barabara hizi zetu za mashimo. Mpeleke hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya mjini, iliyo karibu zaidi, na bebeni pakiti za dawa zote alizokwisha kumeza.

Mtoto mdogo hasemi mbavu zinauma, kwa hiyo mfunue shati akiwa ametulia umhesabie pumzi dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, anahitaji kuonwa leo. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila anapovuta hewa, au ameshindwa kunyonya, ondokeni usiku huo huo.