Jinsi ya kuendesha mjadala wa utamaduni na teknolojia kwenye kimbweta

Kikundi chetu cha kimbweta (meza na viti vya zege vya nje, wanapokaa wanachuo kujisomea) hapa Dodoma kilianza na mada pana: "Teknolojia na utamaduni wetu". Siku ya kwanza walikuja ishirini, wiki ya pili tukabaki wanne. Siku hizi tunaanza na kitu kimoja cha kusikia au kuona.

1. Kusanyeni watu sita hadi wanane. Wa historia, wa isimu, wa kompyuta, na asikosekane anayekijua Kigogo, lugha ya Wagogo wa huku. Kimbweta kimoja kinatosha.

2. Chagueni kitu. Sisi tulichukua ilimba, ala ya Wagogo yenye vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye tundu lake hubandikwa utando wa buibui ili kila noti ivume. Huo mvumo ndio utamu wenyewe.

3. Mrekodini mzee anayeipiga, mara mbili. Shikamoo kwanza, simu baadaye. Ruhusa ya kurekodi siyo ruhusa ya kurusha mtandaoni, kwa hiyo ombeni zote mbili. Mara ya kwanza tumieni kinasa sauti cha simu kama kilivyo. Mara ya pili zimeni kipengele cha kupunguza kelele, na hifadhini kwa WAV, aina ya faili ambayo kwa kawaida haibani sauti.

4. Sikilizeni zote mbili, mzee akiwepo. Msiharakishe hapa. Programu nyingi za simu zimetengenezwa kusafisha maongezi, na mvumo usiokatika huweza kuonekana kelele ukapunguzwa. Babu yetu aliposikia rekodi ya kwanza alicheka: "Hiyo ilimba ina mafua." Basi ulizeni: nani aliamua kelele ni ipi? Alikuwa anasikiliza muziki gani? Swali hilo lilitukalisha mpaka giza likaingia, na wa kompyuta ndio waliobishana zaidi, jambo ambalo sikulitegemea.

5. Andikeni maelezo ya faili: nini, nani, kijiji, tarehe. Angalieni tahajia. Kigogo, Chigogo na Cigogo ni lugha moja kwetu, lakini kompyuta isiyoelekezwa huona maneno matatu tofauti. Chagueni moja, zile nyingine ziwekeni kwenye maelezo ili anayetafuta azipate.

6. Rudisheni nakala. Kwenye memori kadi. Kiungo cha intaneti hakimsaidii mzee asiye na bando. Babu yetu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba wimbo mmoja wa jando ufutwe. Tuliufuta, tukarudi pia kuufuta kwenye simu tatu tulikokuwa tumeshautuma.