Choa mwilini: kutambua na kutibu nyumbani, na pomadi ya kurudisha dukani

Hatua ya 1: tazama kwenye mwanga wa jua. Choa, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na fangasi, huanza kama kipele kidogo, kisha hutanuka kuwa duara: ukingo umeinuka na una magamba, katikati pameanza kusafika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi. Ukingo huwa wa kahawia au kijivu, basi ufuate kwa kidole. Hupenda hasa palipo na jasho: kinena, mapaja, kiuno, chini ya matiti.

Muwasho ukizidi usiku, uko katikati ya vidole na nyumba nzima inajikuna, huo ni upele (gale), si choa. Doa lisilosikia mguso wa pamba huenda ni ukoma. Malengelenge yenye usaha pamoja na homa na tezi kuvimba, shuku mpox (ndui ya nyani), nenda kituo cha afya leo leo.

Hatua ya 2: soma tyubu kabla ya kulipa. Farmasi omba clotrimazole 1%. Ukiona pia bétaméthasone, clobétasol au dexaméthasone, irudishe, hata kama muuzaji anaisifu kuwa "inatibu yote". Hizo ni kortikoidi, dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, haziui fangasi. Hutuliza muwasho kwa siku mbili tatu, ila kinga ya ngozi imelazwa na fangasi wanaendelea kutambaa. Ukiacha kupaka, choa hurudi kwa ukubwa zaidi, tena bila ule ukingo wake, hata muuguzi akashindwa kuitambua. Krimu nyingi za kujichubua zina clobétasol hiyo hiyo.

Javeli, maji ya betri na kitunguu saumu huunguza ngozi, basi.

Hatua ya 3: kupaka. Osha kwa sabuni ya kawaida, kausha mpaka mikunjoni. Ngozi ikibaki na unyevu, unawapa fangasi wanachokipenda. Kamua krimu toka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza: ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Anzia sentimita 2 nje ya ukingo ukija ndani, asubuhi na jioni, wiki 4. Muwasho hukatika mapema, usiache hapo. Eneo la kiganja kimoja humaliza gramu 14 hivi, kwa hiyo tyubu moja ya gramu 20 inatosha.

Hatua ya 4: nguo. Bukavu wakati wa mvua chupi haikauki vizuri. Pitisha pasi ya makala kwenye mishono. Kila mtu na taulo lake na kikwembe chake. Kagua pia kati ya vidole vya miguu: kama pana fangasi, paka huko vilevile, na vaa soksi kabla ya chupi, usiwapandishe kinenani.

Wiki 2 zikipita bila nafuu, au mgonjwa ana kisukari, mpeleke kituo cha afya. Mapunye ya kichwani pia: krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, mtoto anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griséofulvine kwa wiki 6 hadi 8, kwa kipimo cha uzito wake.