Barua ya ugonjwa: namna ya kuwaarifu wazazi bila kumwanika mtoto

Barua yangu ya kwanza ya ugonjwa ilikuwa na mistari minne, na ulioniponza ni wa pili. Niliandika kwamba "mwanafunzi mmoja wa kike wa darasa la nne" amepata tetekuwanga. Jina sikulitaja, nikajiona nimetunza siri. Kesho yake asubuhi mama wa mtoto alikuja ofisini, barua kaikunja mara nne kiganjani. Hakupiga kelele. Aliilaza mezani akaninyooshea kidole kwenye mstari ule: "Mwalimu, hapa umebakiza jina tu." Wiki hiyo msichana aliyekosekana darasa la nne alikuwa mmoja.

Tangu siku hiyo kazi ya barua hizi haijanitoka mikononi. Nimeandika za tetekuwanga, za matumbwitumbwi, za upele, za macho mekundu, za kuhara, na mara moja ya surua. Haya ninayoyaeleza ni kwa mwalimu aliyekabidhiwa kazi hii leo asubuhi na sasa anakodolea macho karatasi tupu.

Usianze na karatasi. Anza na simu kwa mzazi wa mtoto anayeumwa. Vipele si lazima viwe tetekuwanga. Huenda ni mbu, joto au mzio, na sisi walimu si madaktari. Mimi huuliza mambo machache, kalamu mkononi: dalili zilianza siku gani? Ameonwa na mhudumu wa afya, na kaambiwa ni nini? Mara ya mwisho alifika shule lini? Ana ndugu madarasa mengine? Anapanda basi la shule, anaimba kwaya, anacheza timu gani? Swali hili la mwisho wengi hulisahau, wakadhani ugonjwa unaheshimu mpaka wa darasa. Kisha namwambia mzazi waziwazi: nitaandika barua, mwanao hatatajwa, na nitakusomea kabla haijatoka. Kweli namsomea, neno kwa neno, kwenye simu hiyohiyo au jioni. Dakika tatu tu. Kuna baba mmoja aliniambia nitoe maneno "aliyerejea karibuni kutoka safari". Mimi nisingeyaona; yeye alijua mtaa mzima unafahamu nani alisafiri.

Baada ya hapo, ofisi ya afya. Kuna magonjwa ambayo shule haitakiwi kuyaandikia barua kwa akili yake yenyewe: surua, homa ya uti wa mgongo, kifua kikuu, kipindupindu. Hayo piga simu saa ileile, kisha fuata watakavyokuelekeza, kwa sababu wao ndio wanaoamua nani apewe dawa ya kinga, nani achanjwe na nani abaki nyumbani. Homa ya uti wa mgongo, kwa mfano, dawa ya kinga hupewa waliokuwa karibu sana na mgonjwa, wala si shule nzima. Ukikurupuka na barua yako, wazazi 600 watajazana zahanati wakidai dawa isiyowahusu. Surua nayo haina subira: chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na mgonjwa, yaweza kumkinga au kuupunguza makali ugonjwa. Simu ya Ijumaa mchana haingoji Jumatatu.

Kuna ambayo hayaandikiwi barua kamwe. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kukaa dawati moja, kucheza pamoja wala kutumia kikombe kimoja, kwa hiyo hakuna mzazi mwingine anayehitaji kujua, na ukimjulisha umemvunjia mtoto haki yake bila kumkinga mtu yeyote. Mafua ya kawaida nayo hayastahili barua, la sivyo utaandika kila wiki na hakuna atakayesoma ile ya maana. Chawa? Ujumbe mfupi kwa darasa husika unatosha, na usimrudishe mtoto nyumbani katikati ya vipindi. Chawa hawaleti homa, na aibu ya kutolewa darasani hukaa muda mrefu kuliko chawa wenyewe.

Walimu na wafanyakazi waambieni kabla ya wazazi. Mwenzangu mmoja, mja mzito wa miezi mitano, alizijua habari za tetekuwanga darasani mwake kutoka kwa mzazi getini. Alikuwa hajawahi kuugua. Alinitazama tu, nami sikuwa na la kujitetea. Sasa kikao cha dakika tano chumba cha walimu hutangulia kila barua, na wapishi, madereva na walinzi wamo.

Sasa tarehe. Hapa ndipo barua nyingi hulegea, maana zinasema "mwangalie mtoto wako kwa siku kadhaa". Kadhaa ngapi? Chukua tetekuwanga. Huatamia mwilini siku 10 hadi 21 kabla ya kujitokeza, na mgonjwa huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya upele wenyewe. Tuseme mtoto alikuwa darasani Ijumaa tarehe 3, upele ukatokea Jumamosi tarehe 4. Maana yake aliweza kuambukiza tarehe 2 na tarehe 3. Hesabu siku 10 kutoka tarehe 2, unapata 12. Hesabu siku 21 kutoka tarehe 3, unapata 24. Basi mzazi mwandikie: mwangalie kuanzia tarehe 12 hadi 24. Tarehe 2 na 3 usiziandike. Ukiziandika atakumbuka ni nani hajaonekana tangu Jumatatu. Yupo mzazi hodari wa hesabu atakayetoa 21 kwenye 24, lakini huyo hata ungefanyaje angejua.

Kila ugonjwa una kalenda yake. Matumbwitumbwi huchukua kati ya siku 12 na 25, mara nyingi 16 hadi 18, na mgonjwa hukaa nyumbani siku 5 tangu mashavu yavimbe. Upele wa kuwasha, ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi, unaweza kuchukua wiki 2 hadi 6 kabla ya mwasho kuanza kwa mtu anayeupata mara ya kwanza, kwa hiyo barua yake lazima isisitize kwamba nyumba yenye mgonjwa itibiwe yote kwa wakati mmoja, hata wasiojikuna. Kuhara na kutapika: mtoto arudi saa 48 baada ya mara ya mwisho, na kunawa kuwe kwa maji na sabuni, kwa kuwa dawa za kupaka mikononi zenye spiriti hazifui dafu mbele ya baadhi ya virusi vya tumbo.

Barua yenyewe sasa. Hii ya tetekuwanga ninaitumia hadi leo, nabadilisha tarehe tu:

"Ndugu mzazi au mlezi,

Tumepata taarifa ya tetekuwanga katika darasa analosoma mtoto wako. Tafadhali mkague ngozi kila asubuhi kuanzia tarehe 12 hadi tarehe 24. Tetekuwanga huanza kwa homa au uchovu na vidoa vyekundu, ambavyo hugeuka malengelenge ya maji, kisha hukauka na kuwa vigaga.

Ukiona dalili hizo, mbakize nyumbani na utupigie simu siku hiyohiyo. Atarudi malengelenge yote yakishakauka, kwa kawaida siku 5 hivi tangu upele uanze. Usimpe aspirini, kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kuleta madhara makubwa kwenye ini na ubongo.

Kama nyumbani kuna mja mzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa, mtoto mchanga, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka kwa ugonjwa au dawa, awasiliane na kituo cha afya sasa, asingoje dalili. Mwenye dalili apige simu kituoni kabla ya kwenda, asije akakaa foleni na wagonjwa wengine.

Mtoto asiye na dalili aje shule kama kawaida. Kwa maswali, tupigie leo hadi saa 12 jioni. Hatutaeleza habari za mtoto mwingine yeyote."

Utaona haina "hakuna sababu ya kuwa na hofu". Niliwahi kuiandika sentensi hiyo, na simu zote za jioni ile ziliihusu yenyewe. Mtu aliyekuwa akikaanga samaki wake kwa utulivu akisoma hivyo anazima jiko. Mpe kazi ya kufanya na tarehe ya kuifanya, atatulia mwenyewe. Utaona pia hakuna "mwanafunzi mmoja", hakuna jinsia, hakuna "amelazwa". Neno "taarifa ya tetekuwanga" halina umri wala sura. Kama daktari hajathibitisha, andika "tetekuwanga inayoshukiwa", na baadaye usione haya kuandika kwamba haikuwa yenyewe.

Darasa likiwa na watoto wanane, hata kusema "darasa la mtoto wako" ni kumwanika. Hapo napeleka barua kwa madarasa mawili au matatu yanayochanganyika, na kuandika "katika shule yetu". Kabla ya kuchapa nampa barua mtu mmoja mwenye udadisi uliopitiliza. Kwetu ni mwalimu wa michezo, anajijua na hukubali cheo hicho kwa kicheko. Akishindwa kubashiri ni nani, barua iko tayari.

Kuituma ni habari nyingine. Karatasi niliyoituma peke yake kwenye mabegi niliwahi kuikuta uwanjani imegeuka ndege, na ilikuwa inaruka vizuri. Sasa natuma ujumbe wa simu kwanza, barua kamili ifuate. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 pamoja na nafasi, kwa hiyo hakuna pa kusalimiana:

"SHULE: Kuna tetekuwanga darasani. Mkague mtoto ngozi hadi tar. 24. Akipata upele abaki nyumbani, tupigie. Wajawazito: someni barua kwenye begi."

Mzazi asiyesoma, au asiyesoma lugha ya barua, mpigie. Wazazi wanaoishi nyumba mbili, watumie wote wawili. Mtoto analala kwa mama Jumatano na kwa baba Jumamosi, virusi vinasafiri naye. Kundi la wazazi la WhatsApp ninaliogopa kidogo. Barua naiweka humo ikiwa tu wasimamizi wamefunga kundi kwa muda ili wao peke yao ndio waweze kuandika, kwa sababu mara ya mwisho tulipoliacha wazi, ndani ya dakika kumi mtu alikuwa amebandika picha ya darasa na kuzungushia duara vichwa vitatu. Kimoja hakikuwa hata na kikohozi. Na usitume usiku. Barua ya saa 3 usiku inamkuta mzazi hana wa kumuuliza, naye atamuuliza jirani. Mimi hutuma saa 8 mchana, nikakaa karibu na simu hadi jioni.

Zitapigwa, na karibu zote zitauliza lilelile: "Ni mtoto wa nani?" Jibu langu halibadiliki: "Mama, siwezi kusema, na siku ikiwa wako sitasema pia." Wengi huishia hapo, baadhi wakicheka. Wapo wanaojaribu kwa mzunguko, "Si yule wa kiti cha mbele?" Usikatae wala kukubali. Ukimkatalia wa kiti cha mbele leo, kesho ukinyamaza kwa mwingine umeshamtaja. Katibu wa ofisi na mlinzi wa geti wafundishe sentensi hiyohiyo, maana wao huulizwa kabla yako.

Waambie na watoto, kwa lugha yao, kabla hawajasoma barua njiani. Dakika mbili za mwalimu wa darasa: kuna ugonjwa wa ngozi, si kosa la mtu, anayerudi amepona. Mtoto anayerudi na alama usoni nampokea getini mwenyewe siku ya kwanza, namuuliza habari za masomo aliyoyakosa, naingia naye.

Kila barua naiweka kwenye faili pamoja na karatasi ya hesabu zangu: nani alipigiwa na saa ngapi, ofisi ya afya walisema nini, barua ilitoka lini, kwa madarasa gani. Akitokea mgonjwa wa pili tarehe 17, ile ya kwanza haifai tena. Kaa uhesabu upya kutoka siku yake ya mwisho darasani, andika juu ya barua "Tarehe mpya", na usiseme ni mgonjwa wa ngapi. Sema tu kwamba siku za kuangalia zimesogea. Siku 21 zikipita bila mwingine, tuma mistari miwili kwamba mmemaliza. Wazazi huisoma hiyo kuliko zote, na siku hiyo simu hailii.