SOMO: Kupunguza uzito kwa kupunguza wanga, kwa chakula cha nyumbani (soma lote ndipo uulize)

Wakuu, kila wiki swali ni lilelile: "Nimeacha ugali siku tatu, kichwa kinapasuka, niendelee?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kabla ya yote: kama unachoma insulini au unameza glibenclamide (dawa za kisukari), muone daktari wako kwanza. Wanga ukipungua na dozi ikabaki palepale, sukari inashuka mpaka unaanguka. Wenye dapagliflozin au empagliflozin, nazo za kisukari, wawe waangalifu zaidi, maana damu inaweza kujaa asidi huku kipimo cha sukari kikionyesha kawaida. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye matatizo ya figo, somo hili si lenu.

1. Pima uzito, na kiuno usawa wa kitovu, asubuhi ukitoka msalani. Andika.

2. Acha soda na juisi. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na ushee. Juisi ya embe uliyosaga mwenyewe nayo ni sukari.

3. Weka kikomo cha gramu 100 za wanga kwa siku. Usikimbilie 20. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga 75 hivi, wali ulioiva 28, muhogo wa kuchemsha 38. Ndizi mbivu moja ya wastani ina 27. Yai halifiki gramu moja. Unga upime mkavu, kabla haujaingia sufuriani, kwa sababu ugali ukishaiva sehemu kubwa ya uzito ni maji na kila nyumba ina ugali wake.

4. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kabichi, bamia, nyanya chungu. Robo iwe samaki, nyama au mayai. Wanga ukae robo iliyobaki.

5. CHUMVI. Hapa nilichemka, na wengi wanachemka. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imebeba maji kama gramu 3. Akiba ikitumika, maji yanatoka. Insulini ya mwili wenyewe (homoni inayoshusha sukari) nayo ikishuka, figo zinaachia chumvi. Ndiyo maana siku ya pili mpaka ya tano unakojoa mara kwa mara, kichwa kinauma, miguu inakaza usiku, na ukisimama ghafla unaona kiza. Watu wanakimbilia maji, lita nne kwa siku, na wanazidi kuizimua chumvi kidogo iliyobaki. Dawa yake ni supu: bakuli mbili kwa siku kwa wiki ya kwanza, kila bakuli robo kijiko cha chai cha chumvi, kamulia ndimu. Kisha rudi kwenye chumvi yako ya kawaida.
ONYO: mwenye presha, moyo au figo asiongeze chumvi kwa kusoma hapa.
ONYO: ukitumia vile vipande vya kuungia mchuzi vya dukani, chumvi imo tayari.
Na kilo mbili za wiki ya kwanza ni maji hasa, usianze kugawa suruali.

6. Mafuta yapime. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Gramu 100 za karanga zinapita 560.

7. Pima tena kila wiki, siku ileile.

MASWALI

Bodaboda wa Ubungo: Dona je, inaruhusiwa?
— Ina nyuzinyuzi zaidi, ila wanga haupungui kiasi cha kukusaidia. Hatua ya 3.

Mama Wawili: Maharage tuyahesabu wanga au protini?
— Swali zuri, dada. Yote mawili. Gramu 100 zilizoiva zina wanga 23 hivi, sita kati ya hizo nyuzinyuzi, na protini karibu 9. Yanashibisha, usiyaache. Ila yakae mahali pa ugali. Wali maharage ni wanga juu ya wanga.

Kitambi Noma: Wiki mbili sijapungua hata robo kilo. Huu ni uongo.
— Umepima unga? Mafuta?
Kitambi Noma: Nakadiria. Na bia ni wikiendi tu.
— Bia ya nusu lita ni kalori 200 hivi. Zidisha kwa idadi ya chupa, kisha urudi.

Msomi: Kuna ushahidi kwamba njia hii inaishinda ile ya kupunguza mafuta kwenye chakula?
— Hapana, na afadhali umeuliza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa 2018 ulifuata watu 609 kwa mwaka. Waliopunguza wanga walishuka wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta 5.3, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Kama wali ndio roho yako, punguza mafuta. Wanaofaulu huku ni wale wanaoona njaa inatulia wakila protini na mboga.

Mama Wawili: Nawapa yangu: kata kabichi nyembamba kama tambi, kaanga dakika tatu kwa kitunguu saumu, mwagia mchuzi wa samaki. Nafasi ya wali hiyo.
— Moto mkali, na usifunike. Ukifunika inatoa maji na kulegea.
Mama Wawili: Mie nafunika dakika ya mwisho, chumvi natia ikiwa mezani. Haitoi maji.
— Nitajaribu hiyo ya chumvi. Kufunika, bado nakataa.