Somo: Mazoezi ya shingo inayouma kwa muda mrefu, hatua kwa hatua

Habari za leo wanakikundi. Kila ikifika Desemba na Januari napokea mafundi cherehani wengi kuliko miezi mingine. Ni msimu wa sare za shule. Mtu anakaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka usiku, kidevu kimekaribia kifua, macho yamegandia sindano. Anapofika kwangu ameshachuliwa, ameshakandwa maji ya moto, ameshameza diklofenaki mpaka tumbo linawaka. Anapata nafuu siku mbili, ya tatu maumivu yamerudi palepale. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na somo hili ni la mafundi hao na la kila mwenye shingo iliyouma zaidi ya miezi 3, kwa sababu hapo ndipo tunapoanza kuiita sugu.

Shingo sugu haitaki mapumziko, inataka nguvu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na chini yake kuna pingili 7 tu na misuli. Misuli ya ndani kabisa, iliyolala juu ya pingili nyuma ya koo, ndiyo yenye kazi ya kukishikilia kichwa siku nzima. Maumivu yakikaa sana misuli hiyo inalegea, na kazi yake inaangukia misuli ya nje: ile ya juu ya mabega, na zile kamba mbili zinazotokeza mbele ya shingo unapogeuza uso. Hiyo haikuumbwa kwa kazi ya kutwa. Inakaza, inachoka, inauma. Ukichuliwa, misuli ya nje inalegea kidogo lakini ya ndani bado imelala, ndiyo maana nafuu haikai.

Mwaka 2003 ulitoka utafiti wa Finland uliofuatilia wanawake 180 wa kazi za ofisini kwa mwaka mzima. Waliofanya mazoezi ya kuipa shingo nguvu walipungukiwa maumivu kuliko walioshauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kuongeza pumzi (aerobiki) peke yake. Ninachokiona kliniki kinaafikiana na hilo.

Kabla hujaanza

Usifanye mazoezi haya, nenda hospitali kwanza, kama maumivu yalianza baada ya ajali au kuanguka; kama una homa na shingo imekakamaa; kama unapungua uzito bila sababu au uliwahi kuugua saratani; kama miguu inakosa nguvu, mkojo au choo vinakuponyoka, au vidole vimekuwa vizito kiasi kwamba kufunga vifungo vya shati ni shida. Vilevile maumivu makali ya ghafla ya shingo pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili au ulimi kuwa mzito: hayo ni ya kukimbizwa siku hiyohiyo.

Hatua ya 1: Kuiamsha shingo

Kaa kwenye kiti, mgongo wima. Geuza uso kulia taratibu mpaka pale inapokaza, rudi, kisha kushoto. Halafu laza sikio kuelekea bega, upande mmoja kisha mwingine. Mara 10 kila upande, asubuhi na jioni. Usitumie mkono kuvuta kichwa.

Hatua ya 2: Kuitikia "ndiyo"

Hii ndiyo roho ya somo, na ndiyo watu wengi wanayoikosea kwa kuiona ndogo. Lala chali, magoti yamekunjwa, kanga iliyokunjwa mara nne chini ya kisogo. Itikia "ndiyo" kidogo sana, kama unamjibu mtu aliye karibu bila kutaka wengine waone. Kidevu kinashuka kuelekea koo, kisogo kinateleza juu ya kanga bila kunyanyuka. Shikilia sekunde 10 huku ukipumua kawaida. Pumzika, rudia mpaka zifike 10.

Weka vidole viwili juu ya zile kamba za mbele ya shingo. Zikikakamaa chini ya vidole, umetumia nguvu nyingi na misuli ya nje imeingilia. Punguza. Zikibaki laini, umeipata. Nimeona mtu mwenye mwili wa kubeba magunia akitetemeka kidevu kwenye sekunde ya 6. Usione aibu, anza na sekunde 3 na uongeze.

Hatua ya 3: Kiganja na kichwa

Kuanzia wiki ya 3. Kiganja kwenye paji la uso, kichwa kisukume kiganja, kiganja kizuie, kichwa kisisogee. Sekunde 5 hadi 10, mara 5. Kisha kisogoni, kisha kila upande. Anza na nguvu ndogo.

Hatua ya 4: Mabega, kwa tyubu ya baiskeli

Kuanzia wiki ya 5. Hakuna haja ya kununua mipira ya mazoezi ya bei kubwa. Nenda kwa fundi baiskeli, omba tyubu chakavu, kata sehemu ya pampu, ioshe vizuri. Ikanyage katikati, shika ncha mbili, nyanyua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega, viwiko vimekunjwa kidogo, shusha taratibu. Mabega yasipande kuelekea masikio. Ikiwa ngumu, tafuta tyubu nyembamba.

Huko Denmark walijaribu zoezi hili la kunyanyua mikono kwa mpira, siku 5 kwa wiki, wiki 10. Kundi moja lilifanya dakika 12 kwa siku, jingine dakika 2 tu, na makundi yote mawili yalipungukiwa maumivu. Fundi asinambie hana dakika 2.

Ongezea kutembea kwa mwendo wa haraka nusu saa, siku nyingi kadiri unavyoweza.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Ukiyapima kwa alama 0 hadi 10, yasivuke 4, na kesho asubuhi yawe yameshatulia. Yakiendelea, punguza idadi, usiache kabisa. Na mpango wote ni wiki 12.

Maswali ya wanakikundi

*Fundi cherehani, Morogoro: Shikamoo. Nilipigwa eksirei nikaambiwa pingili za shingo zimesagika. Mazoezi hayatazisaga zaidi?*

Marahaba mwanangu. Hayatazisaga. Neno hilo limewatisha watu wengi mno. Ukiwapiga eksirei watu wa miaka 50 wasioumwa chochote, wengi wao utakuta pingili zao zina mabadiliko hayohayo. Ni kama mvi. Misuli yenye nguvu inazipunguzia pingili mzigo. Na kwenye cherehani, inyanyue meza kwa matofali au shusha kiti, na kila nusu saa simama ufanye hatua ya 1.

*Mama wa watoto wanne, Singida: Nabeba ndoo ya lita 20 kichwani kila siku. Niache?*

Dada, najua maji hayaji yenyewe. Wiki za kwanza beba nusu ndoo, hata kama ni safari mbili, na usiache ngata. Ukipata mkokoteni au baiskeli, tumia. Lakini mikono ikianza ganzi, acha kubeba kichwani na uende ukapimwe.

*Kijana, Mbagala: Kinyozi wangu akimaliza kunyoa ananivunja shingo, inalia "ka!" na najisikia mwepesi. Ina shida?*

Mdogo wangu, kataa. Ndani ya pingili hizo inapita mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo. Ikichanika kwa kugeuzwa ghafla inaweza kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Ni nadra, lakini wepesi wa dakika kumi hauna thamani hiyo.

*Mwalimu, Iringa: Nilipewa kola ya kushikilia shingo, naivaa mwezi wa nne sasa.*

Mwalimu, kama hukuvunjika wala kufanyiwa upasuaji, muulize aliyekupa uanze kuivua saa chache kila siku. Kola inaifanyia misuli kazi yake, na misuli isiyo na kazi inakonda.

*Dereva, Tanga: Niko wiki ya 3, sioni tofauti.*

Maumivu ndiyo huwa ya mwisho kuondoka, usiyatumie kama kipimo pekee. Kaa palepale kila Jumapili, geuza uso kulia, tazama unafika wapi ukutani, weka alama kwa chaki. Fanya na kushoto. Hesabu pia sekunde za hatua ya 2. Alama ikisogea na sekunde zikiongezeka, uko njiani. Zisipobadilika mpaka wiki ya 6, njoo kliniki ya fiziotherapia iliyo karibu nawe tuangalie unavyofanya, maana mara nyingi kosa ni kidevu.