Somo: Kuchagua jiko la kuni la kupasha joto kibanda cha mbao

Wakuu, mwezi wa sita unabisha hodi. Huku Makete asubuhi unakuta sakitu juu ya majani ya viazi, na kila msimu huu naulizwa swali lile lile: "Nichukue jiko gani?" Nimeona niandike mara moja, anayehitaji asome.

Nazungumzia kibanda kidogo cha shambani, cha mbao, umeme haujafika, sola inatosha taa na kuchaji simu tu.

Kwanza kabisa, mwenye jiko la mkaa chumbani alitoe nje leo. Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu; mtu analala na haamki. Jiko la somo hili lina mlango unaofunga na bomba linalotoa moshi juu ya paa. Jiko banifu la kupikia nalo liache kwa kazi yake, maana limeundwa joto liingie kwenye sufuria.

Hatua ya 1: Pima chumba

Zidisha urefu, upana na kimo. Kibanda changu ni mita 4 kwa 5, kimo mita 2.4, yaani mita za ujazo 48. Kama mbao zina mianya na juu ni bati tupu, gawa kwa 10. Kama umeziba vizuri na kuweka siling bodi, gawa kwa 15. Napata kati ya kilowati 3.2 na 4.8. Basi jiko la kilowati 4 linanitosha, na hilo ni jiko dogo kuliko wengi wanavyodhani: tumbo lake linapokea vipande vya kuni vya sentimita 25 hadi 30. Kilo moja ya kuni kavu ina kama kilowati-saa 4, na jiko zuri linakupa theluthi mbili yake. Hesabu kilo moja na nusu kwa saa.

Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Jiko langu la kwanza lilichomelewa kutoka pipa la lita 200, nikijua kubwa ndilo la maana. Dakika 20 chumba kikawa tanuri, mke wangu akafungua mlango, mimi nikabana hewa ili moto upungue. Moto uliobanwa hauungui vizuri. Moshi wake mzito unapanda kwenye bomba na kuganda humo kama lami. Wiki ya tatu nikaona tone jeusi linateremka kwenye kiungo, linanuka kama nyama ya kubanika, limeacha mstari wa kahawia hadi sakafuni. Nikapuuza. Usiku mmoja bomba likaanza kunguruma kama lori linalopanda Kitulo, na chuma kikawa chekundu. Lami ile ilikuwa imeshika moto. Nilifunga mlango wa jiko na matundu yote ya hewa, tukatoka nje na mablanketi. Kibanda kilipona, ila papi mbili zilizokuwa karibu na bomba ziligeuka mkaa.

Kwa hiyo chukua jiko dogo, uliache liwake kwa nguvu.

Hatua ya 2: Chuma

Kwa fundi wa kuchomelea, agiza pleti ya milimita 4 au 5. Bati jembamba litapinda msimu wa kwanza. Ndani pangia matofali ya moto ubavuni na chini. Mlango ukaze: bana karatasi kwenye mlango uliofungwa kisha ivute, ikichomoka bila kukwama, mrudishie fundi.

Chuma chenye zinki kisikaribie moto. Zinki ikipata joto kali inatoa moshi wa sumu.

Hatua ya 3: Bomba, hapa ndipo pesa iende

Afadhali jiko la kawaida na bomba zuri. Kwa jiko la ukubwa huu natumia bomba la inchi 5, na kutoka jikoni hadi ncha lisipungue mita 4.5. Sisi wa mwinuko wa mita 2,500 hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko ya pwani, mvuto wa bomba, yaani nguvu ya kupandisha moshi, unapungua, hivyo ukiweza ongeza kipande. Lipande wima. Kila kona inaiba mvuto.

Ncha ipite paa kwa sentimita 90, tena iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, ukiwemo mgongo wa paa.

Kosa la mafundi wengi: wanaunga mabomba kama mfereji wa mvua, la juu likilivalia la chini kwa nje. Ndani ya nyumba geuza. La juu liingie ndani ya la chini, ili lami ikishuka irudi jikoni iungue badala ya kuchuruzika ukutani.

Linapopita kwenye siling bodi na papi, bomba la ukuta mmoja haliruhusiwi kugusa wala kukaribia mbao. Weka la kuta mbili lenye pamba ya madini katikati, na hata hilo liachie nafasi.

Hatua ya 4: Mahali

Sentimita 90 kutoka ukuta wa mbao. Huna nafasi? Simamisha bati umbali wa sentimita 2.5 kutoka ukutani, chini na juu wazi hewa ipite, vishikilio viwe vya chuma. Hapo unaweza kusogea hadi sentimita 30. Sakafuni tandika matofali, yatokeze sentimita 45 mbele ya mlango wa jiko.

Hatua ya 5: Kuni

Miwati ndiyo mfalme. Msindano unasingiziwa kwamba unaleta masizi, lakini mwenye kosa ni maji. Pasua, panga chini ya paa, ngoja miezi sita au zaidi; mkaratusi mnene upe mwaka. Gonganisha vipande viwili: vikavu vinalia "ka!", vibichi vinatoa "bu".

MASWALI

Mkuu, fundi wangu anataka kutumia mtungi wa gesi wa zamani. Ni salama?

Mtungi wa kilo 15 una ukubwa mzuri. Hatari ni wakati wa kuukata. Afungue vali na kuitoa kabisa, aujaze maji hadi juu ndipo aguse grainda. Rangi uichomee nje, kabla hujaingiza ndani.

Shikamoo fundi. Naweza kusongea ugali juu yake?

Marahaba. Chai na maharage bila shida. Ugali unasukuma jiko, bomba linachomoka kwenye kiungo. Funga miguu kwa bolti sakafuni na kila kiungo cha bomba skrubu tatu.

Niko Limuru. Asubuhi nikiwasha, moshi wote unarudi ndani.

Bomba lako limelala baridi, hewa nzito imekaa humo. Washa kwanza gazeti moja karibu na mdomo wa bomba, subiri usikie linavuta, ndipo uwashe kuni. Fungua dirisha kidogo pia. Kibanda kilichozibwa sana hakina hewa ya kulisha moto.

Naweza kuweka gogo moja nene na kubana hewa ili liwake hadi asubuhi?

Soma tena habari ya pipa langu. Ongeza blanketi.