SOMO: Joto la ekzosi (njia ya moshi wa injini) chini ya boneti, gari za zamani (soma kwanza ndipo uulize)

Wakuu, wiki hii peke yake nimepigiwa simu na watu watatu, swali ni lile lile. Gari ya zamani ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) inatembea vizuri, ukiizima robo saa uingie sokoni Kilombero, ukirudi starta inazunguka tu, haiwaki. Wameshabadilisha koili, plagi, pampu ya mafuta, na mmoja kanunua mpaka betri mpya. Naandika mara moja hapa. Atakayenipigia tena namtumia huku.

Kama rejeta inachemsha maji, hili si somo lako. Shughulika na rejeta, themostati na feni, ukimaliza urudi.

Yangu ni Land Cruiser FJ60 ya 1984, injini 2F. Kwenye injini hii manifodi (bomba lenye matawi) ya kuingiza hewa imelala juu ya manifodi ya ekzosi, na kabureta imekaa juu ya zote mbili. Ni kikombe cha petroli juu ya jiko la mkaa. Ukiwa mwendoni feni inapepea. Ukizima, feni inasimama, maji hayazunguki, chuma bado kina moto na joto lote linapanda juu. Petroli haingoji nyuzi 100 kama maji, kwenye 40 hivi imeshaanza kuchemka. Nyingine inatiririka kutoka kwenye bakuli la kabureta kwenda kwenye injini, nyingine inageuka mvuke ndani ya paipu. Ndiyo ile harufu unayoisikia ukifungua boneti.

Hatua ya 1. Acha gari ipoe usiku kucha. Toa waya wa hasi wa betri.

Hatua ya 2. Tafuta uvujaji. Asubuhi washa injini ikiwa baridi (betri uirudishe kwanza, najua kuna mtu atauliza), sikiliza ti-ti-ti pembeni ya manifodi, mulika tochi utafute masizi kwenye gasketi (ile ya kuziba maungio). Ukiyakuta, badili gasketi kabla ya kingine chochote. Pima na taimingi (wakati wa cheche kutoka), maana cheche ikichelewa moto unamalizikia kwenye ekzosi, halafu unalaumu joto la Arusha.

Hatua ya 3. Osha injini, badili gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) kama inavuja oili. Usiiruke hii. Sababu iko hatua ya 5.

Hatua ya 4. Bati la kukinga. Nenda kwa wanaotengeneza madirisha ya aluminiamu, omba kipande cha milimita 1 kilichobaki. Kata kwanza boksi la katoni, lijaribu kati ya manifodi na kabureta mpaka likae bila kugusa kitu, ndipo uhamishie umbo kwenye bati. Kunja kingo zote: bati halitetemi na halikuchani mikono. Sasa sikiliza: bati lisiguse manifodi. Weka vibomba vifupi vya chuma kwenye bolti ili ibaki nafasi ya milimita 12 hadi 15, unene wa kidole kidogo. Hiyo hewa ya katikati ndiyo inayofanya kazi, bati ni kuta tu. Upande unaotazama manifodi uache unang'aa. Fundi mmoja alinipakia rangi nyeusi "ipendeze", nikakaa jioni nzima naikwangua.

Hatua ya 5. Bandeji ya ekzosi. Hapa ndipo nilipoharibu.

Masika ya mwaka juzi nilinunua bandeji ile ya nyuzi za kioo, nikaifunga bomba linaloshuka kutoka kwenye manifodi. Tapeti kava ilikuwa inavuja kidogo, tone moja moja. Nikasema nitaibadilisha mwezi ujao. Bandeji ikanywa mafuta taratibu kama utambi wa kibatari. Siku tunaenda Karatu, mke, watoto na mikungu miwili ya ndizi nyuma, tukaanza kupanda ule mlima baada ya Mto wa Mbu. Gia ya pili, mguu chini. Mke wangu akasema, "Baba Neema, kuna mtu anakaanga chipsi?" Nikaona moshi kwenye kingo za boneti. Nikasimama, nikakimbilia boneti niifungue yote. Dereva mmoja wa gari ya watalii akaruka kutoka kwake huku anapiga kelele: "Usifungue! Usifungue yote!" Akavuta lachi tu, akaingiza mdomo wa mtungi wa kuzimia moto kwenye ule upenyo, akapuliza. Ningeinua boneti, hewa ingeingia kwa mkupuo na leo nisingekuwa na gari ya kuandikia somo. Ziliungua waya mbili za plagi, na mpira wa petroli ulikuwa umeshavimba.

Kwa hiyo:
- Injini inayodondosha oili, usifunge bandeji. Hata tone.
- Usifunge manifodi yenyewe ya chuma cha kumimina. Joto likikosa pa kutokea, inapasuka. Funga bomba la chini tu.
- Ilowanishe na maji kabla ya kufunga, ivute, kila mzunguko upande juu ya mwenzake robo hadi nusu ya upana wake. Kaza kwa klipu za chuma, si za plastiki.
- Vaa glavu na kitambaa puani. Zile nyuzi zinawasha siku tatu.
- Mara ya kwanza kuwasha itatoa moshi mweupe nusu saa. Huo ni wa kawaida. Moshi wa mwezi wa pili si wa kawaida.
- Gari inayolala nje wakati wa mvua: bandeji inakaa na unyevu, bomba linaoza chini ya bandeji huoni. Nilipoivua yangu, bomba lilikuwa limetoboka karibu na flenji (pale linapofungwa kwa bolti), kidole kinapita.

Mimi siku hizi nimebaki na bati tu.

Hatua ya 6. Paipu ya petroli isogeze mbali na manifodi, ifunge kwenye bodi. Kipande cha mpira kikiwa kigumu au kina nyufa, badili.

Hatua ya 7. Rudisha kila kitu, tembea, zima robo saa, washa.

MASWALI

Chalii wa Njiro: Mkuu gari yangu inachemsha maji nikipanda Ngaramtoni, nifunge bandeji?

Jibu: Rudi aya ya pili.

Chalii wa Njiro: Nimeisoma, ila nilidhani joto ni joto.

Jibu: Joto la maji lina njia yake, la ekzosi lina yake. Anza na kifuniko cha rejeta, ndicho rahisi.

Mama Spea: Naweza kutumia bati la kuezekea? Ninalo nyumbani bure.

Jibu: Lile limepakwa zinki. Zinki ikipata joto kali mno inaweza kutoa moshi unaoumiza kifua. Tumia aluminiamu au chuma kisicho na kitu juu.

Fundi Sakina: Haya mambo ya mabati ni ya kwenye mitandao. Sisi tunainua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa (viduara vya bolti) tatu tatu, joto linatoka, kazi imeisha.

Jibu: Gari ikiwa imesimama, linatoka kweli. Ikikimbia, pale chini ya kioo cha mbele hewa inasukumana, kwa hiyo inaingia badala ya kutoka. Na zile tundu za hewa ya ndani ya gari ziko pale pale. Ekzosi ikivuja kidogo, abiria wako ndio wanavuta. Nimeeleza, ukitaka kuendelea ni gari yako.

Kibosho Juu: Swali la kujifunza tu. Hapa Moshi kuna joto kuliko Karatu, lakini gari yangu inawaka hapa, kule inagoma. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri hili. Nadhani haikugomei Karatu, inakugomea pale juu mnaposimama kupiga picha ya Ziwa Manyara. Nimepata?

Kibosho Juu: Ndipo hapo hapo! Umejuaje?

Jibu: Wote tunasimama pale. Umepanda taratibu na mzigo, manifodi imepita nyuzi 400, halafu unazima papo hapo. Na ukiwa juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, petroli inachemka mapema zaidi. Hata maji hapa Arusha mjini, mita 1,400 hivi, yanachemka kwenye 95. Ukifika pale usizime mara moja. Iache isailensi (iungurume bila kukanyaga mafuta) dakika mbili, boneti wazi. Ikigoma, kanyaga aksileta mpaka chini bila kupampu, ndipo upige starta.

Kibosho Juu: Asante sana mkuu. Nimenunua kipima joto cha kulenga kwa taa, bati langu linasoma 45 tu. Ni kweli?

Jibu: Linakudanganya. Kile kifaa hakisomi vizuri kitu kinachong'aa. Bandika kipande cha tepu nyeusi inayovumilia joto, subiri kidogo, lenga hapo. Utaona namba nyingine kabisa. Tuletee majibu.

Dogo Himo: Corolla 110 inahitaji?

Jibu: Ilitoka kiwandani na bati lake. Muulize fundi wako kaliweka wapi.

Dogo Himo: Kasema bolti zilikatika akalitupa.

Mama Spea: Wote wanasema hivyo. Tafuta nati za shaba kwa ajili ya studi za manifodi, hazing'ang'anii kutu. Na ukitaka kufungua za zamani, mwagia mafuta ya kulegezea kutu jioni, fungua kesho.

Jibu: Mama Spea kasema kweli. Shaba unazo dukani?

Mama Spea: Za milimita 10 zipo. Za 8 zinakuja Jumanne.

Chalii wa Njiro: Kifuniko cha rejeta bei gani?